Uzi wa Katikati

Mama Mbazi alikuja na mbuzi. Naetwe alimwona kupitia tundu la dirisha, anapanda kijia taratibu, kamba mkononi, mbuzi akijivuta nyuma yake na kuuma kila jani lililokuwa na dalili ya ukijani. Kwa mara ya kwanza tangu awe Injinia wa Ndivani, Naetwe alitamani nyumba yake iwe na mlango wa nyuma.

Alijua yule mbuzi ni wa nini. Mji mzima ulijua. Kwenye msaragambo, ile kazi ya wote kwa ajili ya wote ambayo Wapare waliirithi kutoka kwa waliochimba mifereji ya kwanza, mtu akileta jembe bovu likavunjika kazini hulipa mbuzi. Ndivani ya sasa watu hawaleti majembe, wanaleta nyuzi za umeme. Mbuzi amebaki yule yule.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, jua linapanda." Mama Mbazi alikuwa amejifunika kitenge kilicholowa maji, kama wafanyavyo wote wanaotoka nje asubuhi ikishakomaa, lakini kitenge kilishakauka mabegani. "Nimemleta huyu nimwache kwako. Wewe ndiye msimamizi, utamkabidhi jioni barazani. Najua ni mdogo. Ndiye niliyebaki naye."

"Mama, huyu mbuzi..."

"Niache niseme, nisije nikasahau nilivyopanga." Mama Mbazi alikaza macho chini, kwenye vidole vyake vya miguu. "Naomba radhi, Injinia. Nimewaaibisha. Mle Nyumba ya Baridi mlikuwa na vitoto vichanga, na uzi ulioungua ni wangu. Nimeulea vibaya."

Hapo ndipo pa kusema. Naetwe alifungua kinywa, maneno yakawa tayari kabisa kwenye ulimi, yamejipanga, na lililotoka ni hili: "Usijali, mama."

Usijali! Lugha nzima imejaa maneno, na yeye akaokota hilo. Mama Mbazi alimshukuru, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, akateremka tena kwenda kujihifadhi na wengine kwenye Nyumba ya Baridi. Yeye hakuwa na uzi tena wa kurudishiwa, na nyumba isiyo na uzi Ndivani haikaliki. Joto kuu la kiangazi likipita angepanda mlimani kwa mwanawe Mbazi, kwenye nyumba iliyojaa watu hadi jikoni, akalale pamoja na wajukuu.

Mbuzi alimtazama Naetwe akitafuna. Naetwe akafunga mlango.

*

Shaba ilikwisha zamani. Iliyobaki iko makumbusho na kwenye hadithi za mafundi wazee wanaodai baba zao walikuwa wakiivuta ndani ya kuta kama kamba za nguo. Watu wa leo wanaotesha waya. Vijidudu visivyoonekana hujipanga mstari, kimoja hadi kingine, vikipitisha umeme miilini mwao, na vikilishwa uji wa unga wa chuma na molasi huzaliana na uzi ukanenepa. Kila nyumba hulea wake. Unaanza na taa tu, uzi ukiwa mwembamba kama wa kushonea. Miezi ikipita unaongeza feni, kisha jiko, na mwishowe kipoza hewa. Ukiuharakisha unaungua. Ukiuzembea unabaki wa taa maisha yake yote. Mtu hutambuliwa tabia kwa uzi wake, na wapo waliokataliwa posa kwa sababu hiyo.

Kwa mwaka mzima uzi wa nyumba unatosha. Ila likija joto kuu, vipoza vya majumbani havifui dafu, na saa za mchana wote huingia Nyumba ya Baridi: wachanga, wazee, wagonjwa, na hata wale wanaojidai ngozi zao ni za kifaru. Nyumba ya Baridi ilikuwa na uzi wake mkuu, mnene kama mkono wa mtu. Mwaka huu, joto kuu lilipoanza tu, uzi mkuu ukapata ukungu mweupe na kufa. Wilaya ikaahidi mwingine. Ahadi za wilaya ni zilezile, hazijabadilishwa na sayansi.

Basi Naetwe alipanda kwenye kilima asubuhi akapuliza pembe ya msaragambo, na watu wakaja, kila nyumba na uzi wake ndani ya gunia bichi. Nyumba moja tu haikuleta, nayo ilikuwa yake. Mpuliza pembe hashiki jembe, ndivyo ilivyo tangu kale, na hakuna aliyemuuliza. Yeye mwenyewe pia hakujiuliza.

Kazi aliijua. Aliwakatisha wote nyuzi zao ziwe na urefu mmoja, na walioguna akawaeleza huku akipima.

"Umeme hauna adabu ya zamu," aliwaambia. "Nyinyi mkiitwa kumi kuchimba, kila mtu anachukua kipande chake. Umeme ukipewa njia kumi, hukimbilia ile yenye ukinzani mdogo. Waya mfupi ukinzani wake mdogo, unabebeshwa mzigo wa wenzake mpaka unaungua. Ukishaungua, mzigo unawaangukia waliobaki. Ndiyo maana nakata."

Kisha Mama Mbazi akafungua gunia lake, na watu wakasogea karibu.

Uzi ule ulikuwa mnene kama kidole gumba, mweusi, unang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Marehemu mumewe aliuotesha mwaka aliomuoa, na tangu afe mjane yule alikuwa akiulisha asubuhi kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Sekiete, mwenyekiti, ambaye hupenda jambo lolote linalomruhusu kupaza sauti, akainua fimbo.

"Huo ukae katikati!"

Na hapo ndipo Naetwe alipokosea. Ndivani, anayeheshimiwa hukaa katikati. Bibi harusi hukaa katikati, mgeni hukaa katikati, hata maiti hulazwa katikati ya chumba, wengine wakiizunguka. Ingekuwa ajabu uzi kama ule kuwekwa pembeni. Lakini Naetwe alisoma, na alichosoma ni rahisi kiasi kwamba hata uchovu haumsahaulishi mtu: waya hupoa kupitia ngozi yake. Mnene hubeba mkondo mwingi kuliko wenzake, lakini ngozi yake haiongezeki sawa na mwili, kwa hiyo hupoa kwa shida. Ukiuzungushia nyaya nyingine zenye joto lake, ukaufunga pamoja nazo kamba, hauna tena pa kupumulia. Fungu la nyaya halibebi jumla ya kile zinachobeba zikiwa moja moja. Linabeba pungufu, na wa katikati ndiye anayeumia kwanza.

Alitakiwa kusema, "Hapana, huu tuutundike peke yake, upate hewa." Sentensi moja. Alimtazama Mama Mbazi, aliyekuwa akijifuta machozi ya fahari kwa ncha ya kitenge, akawatazama wanawake, akamtazama Mzee Sekiete na fimbo yake. Akajiambia kuwa nafasi ya usalama ipo, uzi utavumilia. Akafunga kamba kwa mikono yake.

Jua lilipofika utosini, watu wote walikuwa ndani na mashine zikinguruma vizuri. Naetwe alibaki kwenye kibanda cha umeme kando ya ukuta. Alipenyeza kidole katikati ya fungu na kukitoa haraka, akakipuliza. Nyuzi za nje zilikuwa vuguvugu. Ule wa katikati ulikuwa moto wa sufuria.

Alimwita Mzee Sekiete.

"Nataka kuzima, mzee. Nifungue kamba, nizitandaze nyuzi, na nikaongeze wangu wa nyumbani."

"Kuzima? Na watu wote hawa ndani?"

"Nyumba ikifungwa milango inakaa na baridi yake nusu saa bila shida. Nimeipigia hesabu mwenyewe."

"Hesabu yako watu hawaijui. Wakisikia mashine zimenyamaza watakimbilia nje, wazee watakanyagwa." Alipunguza sauti. "Utawaambia ni kwa nini?"

"Uzi wa Mama Mbazi unapata moto. Utaungua."

"Una hakika?"

"Huenda."

"Huenda." Mzee Sekiete alilikamata neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Na nani aliuweka katikati, Injinia?"

Hakulisema kwa ukali. Wala halikuhitaji jibu, maana mmoja alipataja mahali na mwingine alifunga fundo, na wote wawili walikuwepo. Walitazama pembeni kama watu waliokutana uchi. Kutoka ndani zilisikika sauti za wanawake wakimwimbia Mama Mbazi, wimbo wa kumsifu mlezi. Naetwe akafikiria kuingia mle na kuukatiza wimbo ule. Haya zikamshika miguu.

"Tusubiri kidogo," alisema.

Alisubiri. Alisubiri akiwa na uzi wake mwenyewe nyumbani, mzima, unapoza chumba kisicho na mtu. Harufu ilianza kama ya maharage yaliyoshika chini ya chungu, ikakolea, na kwa mlio mdogo kama wa kuvunja ukuni mkavu uzi wa katikati ukafa. Mara mzigo wake ukazirukia nyuzi nyingine. Sasa ndipo Naetwe alipokuwa hodari! Akakata kamba kwa kisu, akazitandaza nyuzi ukutani, akazima nusu ya mashine, akakimbia kwenye jua lile hadi nyumbani bila kitenge na kurudi na uzi wake begani. Hakuna mtoto aliyelia. Jioni walimbeba juu juu mpaka kwenye mlango wa nyumba yake, wakimwita mkombozi, na Mama Mbazi hakuwepo kwenye msafara kwa sababu alikuwa kibandani amepiga magoti, anakusanya masizi ya uzi wake kwenye upawa.

*

Baraza lilikaa jua lilipolegea. Naetwe alimvuta mbuzi hadi kwenye uwanja, na njia nzima watu walimpa mkono. Kila mkono aliopewa aliuona mzito.

Mzee Sekiete alimsogelea kabla ya kuanza. "Nitakuuliza uzi uliharibika kwa nini," alinong'ona. "Yako majibu mawili. Utunzaji mbaya, au bahati mbaya. Sema bahati mbaya. Mama wa watu atarudi na mbuzi wake, na wewe utabaki na heshima yako. Nani ameumia?"

Ilikuwa njia nzuri. Lazima tuseme ukweli, ilikuwa nzuri sana, na Naetwe aliipokea moyoni kama mtu aliyepewa maji. Bahati mbaya haina mwenyewe. Haidai mbuzi wala haimnyimi mtu usingizi.

"Msimamizi," Mzee Sekiete akapaza sauti, "uzi wa nyumba ya Mama Mbazi uliharibika kwa nini?"

"Kwa bahati..."

"Si bahati." Mama Mbazi alikuwa amesimama, huku nyuma, ameshika kitenge kwa mikono miwili. "Injinia ananihurumia. Ana moyo mzuri, Mungu amzidishie. Lakini mimi sitaki kufichiwa. Kiangazi kilichopita molasi iliadimika, nikawa naupunguzia uji. Kidogo tu, nikisema utavumilia. Baba Mbazi aliniachia kitu kimoja nikilinde, na nimekipunguzia chakula. Tangu siku ulipoungua nalala nikiuona. Nitozeni mbuzi."

Watu waliguna kwa huruma. Mwanamke mmoja akamshika bega amkalishe. Na Naetwe, aliyekuwa na nusu ya uongo mdomoni, aliona kwamba hawezi kuimaliza wala kuimeza. Angeweza kumwachia yule mama hasara. Kumwachia na dhambi pia, hapana.

"Mama," alisema. "Uji wako haukuwa na kosa."

"Usinihurumie, mwanangu."

"Sikuhurumii. Uzi wako ulikuwa mzima kuliko zote. Uliungua kwa sababu niliufunga katikati ya nyingine, ukakosa hewa. Nilijua wakati nafunga kwamba si mahali pake. Niliogopa kuwakatizeni vigelegele."

Mzee Sekiete alianza kukohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Na kuna zaidi," Naetwe aliendelea, upesi, kabla ujasiri haujamtoroka. "Nilipousikia una moto, ulikuwa bado haujaungua. Niliushika kwa kidole hiki. Ningezima, ningeutoa, na watu wasingedhurika. Sikuzima. Mlikuwa mnaimba mle ndani, nikaona aibu."

Mama Mbazi akainuka tena. "Ulipoushika ulikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Ungezima, ungepona?"

"Ungepona, mama."

Naetwe alijiandaa kwa matusi. Alikuwa akiyatamani. Lakini uso wa Mama Mbazi ulifunguka, ukapoteza makunyanzi ya siku zote hizo, na yule mama akaangua kilio cha furaha mbele ya mji mzima.

"Kumbe sikuulisha vibaya!" alisema, akimgeukia mwanamke wa pembeni yake, akimtikisa. "Umesikia? Ulikuwa mzima. Sikuulisha vibaya!"

Naetwe aliumia hapo kuliko mahali pengine popote. Tusi lingempa kitu cha kubeba. Furaha ile ilimwonyesha mzigo aliomtwisha mtu asiye na hatia, akamwacha nao, akamwambia usijali.

"Jamani, waya ni waya," kijana mmoja wa pembeni alisema. "Injinia ameokoa watu."

"Nyamaza," Mama Mbazi alimwambia, kilio kimekwisha. Alitembea hadi katikati ya uwanja, akafungua kamba mkononi mwa Naetwe, akamchukua mbuzi wake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza njia, "Asubuhi nilisimama mlangoni kwako nikakuomba radhi. Ukanisikiliza mpaka mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Na ukaniambia nisijali."

Mzee Sekiete alikohoa tena, akatangaza kwamba desturi haina faini kwa mpuliza pembe. Naetwe akasema kama haina, iwe nayo kuanzia leo. Mbuzi hana, ila uzi anao, na uzi wake utakwenda kwa Mama Mbazi. Watu walishtuka. Kutoa uzi ni kutoa nyumba, na kuotesha mwingine mpaka ubebe kipoza ni kazi ya viangazi vingi. Wengine walimtazama Mama Mbazi wakitegemea akatae kiungwana, kama mtu anavyokataa chakula mara ya kwanza.

"Nitauchukua," Mama Mbazi alisema. "Msamaha sina wa kukupa leo, na sijui kama nitakuwa nao kesho. Uzi nitauchukua. Joto halingoji tupatane."

*

Wilaya, kwa maajabu, ilileta uzi mkuu, na joto kuu lilipopita kila nyumba ikarudishiwa wake. Naetwe aliupeleka uzi wake kwa Mama Mbazi asubuhi, akauunga mwenyewe. Aliupima ukinzani, akaukagua kila kiungo, akautundika mbali na ukuta upate hewa pande zote. Ulikuwa mwembamba kuliko ule wa marehemu. Ungebeba kipoza cha chumba kimoja na taa, basi. Alimweleza hivyo, na Mama Mbazi akaitikia kwa kichwa bila kuacha kupepeta mchele.

Wakati anamaliza, saa za jua kali, za kukaa ndani, zilikuwa zinaingia. Mawe ya uani yalishaanza kutetemesha hewa. Naetwe alifunga vifaa vyake, akachukua furushi la nguo alilokuwa ameliacha nje ya mlango, akaloweka kitenge kwenye ndoo. Alikuwa amepanga kupanda mlimani. Kuna binamu yake huko, asiyempenda sana, lakini damu ni damu. Njia ni ndefu, na alijua amechelewa. Pengine alichelewa makusudi, ili njia imtende ilivyotaka.

"Kwaheri, mama."

Mama Mbazi alisimama mlangoni na ungo mkononi. Alilitazama furushi, akaitazama njia nyeupe kwa jua, akamtazama Naetwe, na uso wake haukuwa na upole wowote.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, mama."

"Nakwambia ili tusije tukadanganyana, maana tutakaa chumba kimoja kiangazi hiki chote na kijacho, na mimi si mtu wa mazungumzo." Akasogea pembeni kumpisha. "Sasa ingia, unanitolea baridi nje."